Maswali ya Wasomaji: Kufika Amalfi, mji wa ngazi kwenye pwani ya Italia

Katika toleo lililopita tuliweka picha ya Amalfi na mistari michache tu chini yake, na barua zikaanza kuingia kutoka Goma, Bukavu na Lubumbashi. Kwa ambaye hakuiona picha ile: Amalfi ni mji mdogo wenye watu wapatao elfu tano, umebanwa kwenye mdomo wa bonde, majabali nyuma yake na bahari ya Tirreno mbele. Uko katika mkoa wa Campania, kati ya Salerno na Sorrento. Zamani ulikuwa dola ya mabaharia. Tangu 1997 pwani yake imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Tumechagua barua tisa zinazogusa mambo ambayo wengi wameyauliza.

"Mwezi wa tisa nitakuwa Roma kwa mkutano wa kanisa, kisha nitabaki na siku mbili huru. Jirani aliyewahi kufika Amalfi ananishauri nipite Napoli na Sorrento. Ni njia nzuri? Na siku moja inatosha?" — Msomaji wa Kampemba, Lubumbashi

Njia ya jirani yako inafika, Papa, lakini inachosha kuliko zote. Kutoka Napoli hadi Sorrento treni ndogo ya Circumvesuviana huchukua zaidi ya saa moja, na mara nyingi watu wamesimama na valizi miguuni. Ukishuka unapanga foleni ya basi la SITA linalopita barabara ya SS163, nyembamba, kona juu ya kona, karibu saa moja na dakika arobaini kama njia ni nyeupe. Mwezi wa tisa haiwi nyeupe. Basi likijaa Sorrento, wanaosubiri vituo vya mbele hulitazama likipita.

Sisi tunasema: pita Salerno. Kutoka Roma Termini treni za mwendo kasi, Frecciarossa au Italo, zinafika Salerno kwa saa mbili au zaidi kidogo bila kubadilisha. Ukitoka nje ya stesheni, shuka moja kwa moja kuelekea bahari; ni mwendo wa dakika chache kwa mguu hadi gati la Piazza della Concordia. Hapo kuna boti ya kwenda Amalfi, dakika 35 hivi. Mtu aliyezoea boti ya Goma na Bukavu ataona ni safari fupi mno, na ndiyo inayoonyesha mji unavyostahili kuonwa: kutoka majini, nyumba zimepandana kama mtu aliyezipanga kwenye rafu.

Mambo manne huharibu safari hii. La kwanza ni msimu: boti hutembea takriban kuanzia mwezi wa nne hadi mwisho wa mwezi wa kumi. Nje ya hapo ni basi tu, kilomita 24 kutoka Salerno, saa moja na robo. La pili ni mawimbi. Upepo ukivuma boti husimamishwa hata kama jua linawaka, kwa hiyo asubuhi uliza kwenye kibanda cha tiketi kabla hujalipa, na uliza pia kama za kurudi jioni zina hakika. La tatu ni tiketi ya treni. Tiketi ya karatasi ya treni ya kawaida, ile ya regionale, lazima uipige muhuri kwenye kimashine kilicho kando ya reli kabla ya kupanda; usipofanya hivyo unatozwa faini hata kama umelipa nauli yote. Ya mwendo kasi haihitaji muhuri, lakini ni ya treni hiyo na kiti hicho tu. La nne ni mgomo, kwa Kiitaliano sciopero. Hutangazwa mapema, mara nyingi huangukia Ijumaa, na siku za kazi treni za mikoa hulindwa saa za asubuhi, 06:00 hadi 09:00, na za jioni, 18:00 hadi 21:00. Ratiba zao zote zinahesabu saa namna hiyo, basi 07:00 ni saa moja asubuhi yetu. Kuna watu wamekosa treni kwa hesabu hii tu.

Siku moja inawezekana ukitoka Roma alfajiri. Lakini una mbili, na ushauri wetu ni kulala Salerno. Vyumba vyake ni nafuu kuliko Amalfi, mji ni tambarare, na asubuhi unapanda boti ya kwanza kabla umati wa kutwa haujashuka. Valizi kubwa iache Roma kwenye chumba cha mizigo cha Termini. Ndani ya Amalfi magurudumu yake hayatakusaidia kitu: nyumba nyingi za wageni zina ngazi hamsini, themanini, wakati mwingine zaidi, kutoka barabarani hadi mlangoni.

"Dada yangu anaishi Salerno na atanitumia barua ya mwaliko. Je, hiyo inatosha kupata visa? Ninakaa Goma." — Msomaji wa Himbi, Goma

Barua ya mwaliko inajibu swali moja tu, Mama: utalala wapi. Maswali mengine mawili, nani analipa na kwa nini utarudi, unayajibu wewe mwenyewe kwa karatasi zako.

Unayoomba ni visa ya aina C ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, isiyozidi siku 90 ndani ya siku 180. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na hayapokelewi zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Kisheria jibu ni ndani ya siku 15, ila linaweza kuvutwa hadi 45. Kwa hiyo anayesafiri mwezi wa saba aanze mwezi wa tatu au wa nne. Ubalozi wa Italia uko Kinshasa, na kwa mtu wa Goma hiyo ni safari yenye bajeti yake, kwa sababu alama za vidole hutolewa ana kwa ana. Ukiwa ulishazitoa kwa visa ya Schengen, hutumika tena kwa miezi 59. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12 ambaye hajatimiza 12, na chini ya miaka 6 hatozwi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, iwe hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari isipungue euro 30,000, ifunike nchi zote za Schengen na siku zote za safari.

Dada yako aambatanishe nakala ya hati yake ya ukaazi. Wewe leta historia ya akaunti ya banki ya miezi kadhaa. Dola elfu tatu zilizoingia wiki moja kabla ya maombi hazikusaidii; zinaamsha shaka, maana afisa anatafuta mwendo wa kawaida wa pesa zako. Mwajiriwa alete attestation de service na ruhusa ya likizo yenye tarehe. Mfanyabiashara alete karatasi za biashara na za kodi.

Sasa angalia majina. Pasipoti ya Kongo ina jina, postnom na prénom. Anayekukatia tiketi kwa simu huacha postnom, wa bima anageuza mpangilio, na barua ya mwaliko inakuja na jina la nyumbani. Karatasi nne, watu wanne tofauti. Mtumie kila mmoja picha ya ukurasa wa pasipoti na umwambie anakili herufi kwa herufi.

Kosa lingine ni la wenye ndugu Bruxelles. Visa huombwa katika nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ukipanga wiki mbili Ubelgiji na siku tatu Amalfi, faili lako ni la Ubelgiji. Siku zikilingana, ni nchi unayoingia kwanza.

Kutoka Goma wengi huvuka mpaka wa Petite Barrière kuingia Rwanda na kupandia ndege Kigali, saa tatu hivi kwa barabara. Usipange kuvuka siku ile ile ya ndege. Beba kadi ya njano ya chanjo ndani ya mkoba wa mkononi, siyo ndani ya valizi. Na ukishafika, dada yako ana saa 48 za kuarifu polisi kwa maandishi kwamba amekupokea. Anayelala hoteli hufanyiwa hilo na hoteli. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kusajili vidole na uso kwa mashine badala ya muhuri wa wino, basi siku ulizokaa zinahesabiwa bila kukosea.

"Sisi ni wanakwaya. Tunasikia mtume Andrea amezikwa Amalfi. Ni kweli? Tunaingiaje, na tuvae nini?" — Mwanakwaya wa Kadutu, Bukavu

Ni kweli kwamba masalio yanayoheshimiwa kama ya mtume Andrea yako chini ya altare ya kanisa kuu la Amalfi. Kardinali Pietro Capuano, mzaliwa wa hapo, aliyatoa Konstantinopoli baada ya mji huo kutekwa na wapiganaji wa msalaba 1204, na yalifika Amalfi 1208. Mvuvi wa Galilaya akawa msimamizi wa mji wa wavuvi.

Mbele ya kanisa kuna ngazi 62. Ukifika juu usikimbilie ndani. Simama mbele ya mlango. Mabamba yake ya bronzi yalitengenezwa Konstantinopoli karibu mwaka 1060 na fundi aliyetia jina lake, Simeoni wa Siria, kwa malipo ya tajiri wa Amalfi aliyeitwa Pantaleone. Mabamba mengi yana msalaba uliochomoza. Manne tu ya katikati yana sura za Kristo, Maria, Andrea na Petro, zilizochorwa kwa kutindua mistari ndani ya chuma na kujaza fedha. Fedha nyingi imeshatoka, kwa hiyo sogea karibu, jua likiwa limekaa kando, ndipo mistari ya nyuso inaonekana. Abate Desiderio wa monasteri ya Montecassino alipouona mlango huu aliagiza na wake kutoka huko huko. Mtu wa Lubumbashi anayejua croisette, ile misalaba ya mukuba iliyokuwa pesa ya Katanga ya zamani, atasimama hapa muda mrefu kuliko wengine.

Uso wa kanisa wenye milia ya nyeusi na nyeupe unaonekana wa kale lakini ni mpya: ule wa kwanza uliporomoka 1861, na huu ulikamilika 1891. Mnara wa kengele ndio mzee kweli. Ulianzwa 1180 na kumalizwa 1276, na kofia yake ya vigae vya kijani na njano huonekana kutoka baharini.

Wageni huingia kwa tiketi kupitia mlango wa kushoto. Kwanza ni Chiostro del Paradiso, ua wenye nguzo nyembamba 120 na matao meupe yaliyosukana, uliojengwa 1266 hadi 1268 kuwa makaburi ya wakubwa wa mji. Kisha kanisa la zamani la Msalaba, ambalo leo ni jumba la vitu vitakatifu, kisha mnashuka kwenye kripta, chumba cha chini ya kanisa, yenye kaburi la mtume na sanamu yake ya bronzi ya Michelangelo Naccherino, na mwisho mnatokea ndani ya kanisa kuu. Anayekuja kwa Misa halipi. Anaingia mlango mkubwa saa ya ibada. Mabega yafunikwe, magoti yafunikwe, kwa wanaume pia. Kitenge kimoja kwenye mkoba kinamaliza tatizo. Kuimba ndani kunahitaji ruhusa, hivyo mwandikieni paroko mapema kwa Kiitaliano au Kifaransa, mkitaja siku, idadi yenu na nyimbo.

Tarehe za kulenga ni mbili: 30 Novemba, sikukuu yake, na 27 Juni, ukumbusho wa dhoruba ya 1544 iliyotawanya meli za Barbarossa, amiri wa Waturuki, zilizokuja kuushambulia mji. Siku hizo sanamu ya mtume hutembezwa, na wanaoibeba humalizia kwa kupanda zile ngazi 62 mbio, mzigo mabegani. Juni boti zipo. Novemba hazipo.

"Ninafundisha historia. Amalfi ni kijiji. Iliwezaje kushindana na Venezia na Genova, na kwa nini ilianguka? Na ni kweli dira ilibuniwa pale?" — Mwalimu wa Katuba, Lubumbashi

Mwalimu, udogo wake ndio uliousukuma baharini. Nyuma ya mji hakuna shamba la kutosha, ni mawe na miteremko. Mlimani kulikuwa na mbao, mbele kulikuwa na maji. Baada ya kujitoa mikononi mwa Napoli 839, Waamalfi walipeleka mbao na bidhaa nyingine Misri na Afrika ya Kaskazini, wakalipwa dhahabu, wakaenda nayo Konstantinopoli kununua hariri na vitu vya thamani, wakaviuza Italia. Walikuwa na sarafu yao ya dhahabu, tarì, na mtaa wao Konstantinopoli. Hospitali waliyoifungua Yerusalemu katika karne ya 11 ndiyo mwanzo wa shirika la Wahospitali wa Mtakatifu Yohane, linalojulikana leo kama la Malta.

Kuanguka kulikuja kwa hatua. Wanormani wa Roberto Guiscardo waliuchukua 1073, na mfalme Ruggero II akaumalizia uhuru wake kabisa 1131. Pisa iliupora 1135 na tena 1137. Kisha usiku wa 24 kuamkia 25 Novemba 1343 bahari iliingia ikabomoa sehemu ya chini ya mji pamoja na bandari. Wataalamu wa volkano wamehusisha tukio hilo na ubavu wa volkano ya Stromboli kuporomoka baharini, jambo ambalo mtu wa Goma, aliye chini ya Nyiragongo, halihitaji kufafanuliwa mara mbili. Karakana ya meli, Arsenale, bado inaonekana karibu na gati: kumbi mbili ndefu za matao ya mawe, zimekatika upande wa bahari. Upande uliokosekana ulichukuliwa na maji.

Humo Arsenale utaona kitu cha kuwapelekea wanafunzi: Tavola Amalfitana, sheria ya bahari yenye vifungu 66, nakala iliyorudishwa kutoka Vienna 1929. Inaeleza jinsi faida ya safari inavyogawanywa kati ya wenye meli, wenye mali na mabaharia, na hasara ya mzigo uliotupwa baharini kuokoa meli inavyobebwa na wote, siyo na mwenye mzigo peke yake. Uliza darasa lako nani angelipa mzigo ukitupwa ziwani, kisha uwasomee.

Dira haikubuniwa Amalfi. Wachina waliijua sindano ya sumaku zamani. Inaelekea mabaharia wa hapa waliiboresha, wakaitia ndani ya kisanduku pamoja na nyota ya pepo, ule mchoro wa pande za dunia. Sanamu unayoiona karibu na bandari ni ya Flavio Gioia, anayesemwa kuwa ndiye mbunifu, na wanahistoria wengi wanaona hakuwahi kuishi: jina lake lilizaliwa na sentensi ya Kilatini iliyomtaja mwandishi Flavio Biondo, ikasomwa vibaya.

"Ninauza sambaza na ndagaa sokoni. Nimesikia huko wanakamua maji ya samaki na kuyauza kwa chupa. Yanatengenezwaje?" — Muuzaji wa soko la Kadutu, Bukavu

Yanaitwa colatura di alici, Mama, na yanatoka Cetara, kijiji cha wavuvi kati ya Salerno na Amalfi. Samaki wake ni alici, wadogo, jamaa wa mbali wa hao unaowauza. Huvuliwa kuanzia mwisho wa mwezi wa tatu hadi mwezi wa saba.

Kwanza kichwa na matumbo hutolewa pamoja kwa vidole, mvuto mmoja, bila kisu. Kisha samaki hupangwa kwenye pipa dogo la mti wa chestnut liitwalo terzigno: tabaka la chumvi nene ya bahari, tabaka la samaki waliolazwa kichwa kwa mkia, chumvi tena, hadi juu. Linafunikwa kwa duara la mbao na kukandamizwa kwa mawe mazito. Samaki wanapoiva, uzito wa mawe hupunguzwa. Maji yanayopanda juu hukusanywa na baadaye hurudishwa yapite tena katikati ya tabaka zote, yakidondoka kwenye tundu lililotobolewa chini ya pipa, tone baada ya tone. Kwa kupata alama ya DOP, ile ya Ulaya inayolinda bidhaa ya mahali maalumu, iliyotolewa 2020, samaki lazima akae angalau miezi tisa. Kinachotoka kina rangi ya kahawia nyangavu, kama chai iliyokolea. Kikiwa na ukungu au harufu ya kuoza, chumvi ilipungua au pipa lilipata joto.

Wageni huharibu colatura jikoni kwa kuichemsha. Haipikwi. Chemsha tambi bila chumvi hata punje, kwa sababu chumvi yote imo ndani ya chupa. Kwenye bakuli changanya kijiko kimoja cha colatura kwa kila mlaji, mafuta ya zeituni, kitunguu saumu na majani ya parsley, mimina tambi za moto, geuza, kula. Ukinunua chupa ya kuleta nyumbani, iweke ndani ya valizi inayokwenda chini ya ndege. Inayozidi mililita 100 huenda wasiipitishe mkononi. Nunua yenye alama ya DOP na jina la mtengenezaji. Za bei rahisi zilizopangwa mlangoni kwa duka la zawadi siyo kitu hicho.

"Mimi ni mchapaji. Je, jumba la karatasi la Amalfi lina maana kwa mtu wa kazi, au ni la watalii tu?" — Mchapaji wa Birere, Goma

Lina maana sana, Ndugu, na kwetu ndilo la pili baada ya kanisa. Museo della Carta liko juu ya barabara kuu, mwendo wa dakika kumi na kitu kwa mguu kutoka uwanja wa kanisa, ndani ya kinu halisi cha kale. Bonde hilo linaitwa Bonde la Vinu: maji ya mto Canneto yanashuka kwa kasi na ndiyo yaliyozungusha magurudumu. Ujuzi ulikuja kwa biashara na Waarabu.

Karatasi yao, bambagina, haikutoka kwenye mti. Ni matambara ya pamba, kitani na katani. Yalitwangwa kwa nyundo kubwa za mbao zenye misumari ya chuma, zikiinuliwa na gurudumu la maji, hadi yakawa uji. Fundi huzamisha fremu yenye wavu wa waya mwembamba ndani ya birika, huiinua ikiwa bapa, na kuitikisa mara moja mbele na kando ili nyuzi zishikane. Hapo ndipo wanafunzi hukosea: akiitikisa maji yakiwa yameshachuja, karatasi inatoka na mafundo. Kisha hulazwa kwenye kitambaa cha sufu, hukandamizwa kwa mashinikizo, hutundikwa ikauke, na huzamishwa kwenye gelatini ya wanyama. Bila gelatini wino husambaa kama kwenye karatasi ya chooni. Ukiinua ukurasa kwenye mwanga utaona alama ya maji: ni waya uliosukwa juu ya wavu, mahali ambapo uji ulikaa mwembamba.

Kaisari Federiko II, katika sheria zake za 1231, aliamuru hati za serikali ziandikwe kwenye ngozi, maana karatasi iliogopwa kwamba haidumu. Amalfi iliendelea kuitengeneza kwa karne nyingi, hadi mafuriko ya 1954 yalipoharibu vinu vingi. Cartiera Amatruda bado inafanya kazi. Jumbani utaruhusiwa kutoa karatasi yako mwenyewe, basi kunja mikono ya shati na uombe kushika fremu.

"Nitakwenda na mama yangu wa miaka 70, magoti yanamsumbua. Sisi ni watu wa tambarare." — Msomaji wa Kenya, Lubumbashi

Bukavu wangejibu kwamba ni mazoea tu, lakini magoti ni magoti. Sehemu tambarare za Amalfi ni gati, uwanja wa Piazza Duomo na barabara kuu inayopanda taratibu bondeni. Hapo mama atatembea bila shida na kupumzika kwenye chemchemi ya Mtakatifu Andrea. Atrani, jirani, iko dakika kumi na tano kwa mguu, na uwanja wake uko usawa wa bahari. Mji wa Ravello uko juu, kama mita 350, lakini basi linafika. Kutoka kituo hadi Villa Rufolo, jumba la kale lenye bustani, ni karibu. Pandieni Piazza Flavio Gioia linapoanzia basi, ndipo mtapata viti, na tiketi mzinunue kwenye duka lenye herufi T kabla ya kupanda. Kama kona zinamtia kichefuchefu, akae mbele.

Msimpeleke Sentiero degli Dei, ile njia ya milimani kutoka Bomerano hadi Nocelle. Haina kivuli, na kushuka kutoka Nocelle hadi Positano ni ngazi zaidi ya 1,500. Kushuka ndiko kunakoumiza goti.

"Watoto wangu wanaogelea ziwani Kivu. Bahari ya huko ina hatari gani?" — Mzazi wa Ibanda, Bukavu

Ufuko ni wa kokoto, basi viatu vya mpira. Juu ya mawe yenye maji kuna viumbe vya duara vyenye miiba myeusi. Mwiba ukiingia mguuni huvunjika ndani. Konyeza, wale laini kama utelezi, huunguza: osha kwa maji ya bahari, siyo maji baridi ya bomba, wala usisugue. Bendera nyekundu maana yake hakuna kuingia. Sehemu zenye viti na miavuli ni za kulipia; uliza spiaggia libera, ya bure, ambayo ni ndogo na hujaa mapema. Walinzi wa pwani ni namba 1530, dharura yoyote ni 112.

"Dola zinapokelewa? Na tujiandae kwa gharama gani zisizoonekana?" — Mfanyabiashara wa Virunga, Goma

Dola hazipokelewi madukani, badilisha euro kabla hujafika, na iambie banki yako ifungue kadi kwa matumizi ya nje. Kahawa ya kusimama kwenye kaunta na ile ile ya kukaa mezani uwanjani zina bei mbili tofauti, na ya pili inaweza kuwa maradufu au zaidi. Mgahawani utaona neno coperto kwenye bili: ni malipo ya meza na mkate, kwa kila mtu, hata mtoto. Hoteli huongeza kodi ya mji kwa kila usiku, mara nyingi taslimu siku ya kuondoka. Ukibeba euro 10,000 au zaidi lazima uzitangaze forodhani. Na maji usinunue chupa kila saa: chemchemi za mji zinanyweka, isipokuwa palipoandikwa non potabile.